Binti yangu anataka chumba kama cha rafiki yake, mfuko unakataa

Dada, shikamoo.

Huwa nasoma majibu unayowapa wengine nikijiambia mimi mambo yangu nitayamaliza mwenyewe. Hili limenishinda.

Nina watoto wawili. Wa kike ana miaka 8, wa kiume ana miaka 3 na miezi kadhaa. Wanalala chumba kimoja, katika nyumba ya kupanga. Chumba ni mita 3 kwa 3.5, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.7. Kuta zamani zilikuwa nyeupe. Siku hizi, kuanzia pale mikono ya watoto inapofika kushuka chini, sijui nikwambie ni rangi gani.

Mwezi uliopita binti alialikwa kulala kwa rafiki yake wa shuleni. Alirudi kimya. Kesho yake ndiyo akaanza: kitanda cha mwenzake kina pazia juu kama la malkia, ukutani kuna mawingu, kuna taa ndogondogo zinazowaka usiku kucha, kuna meza ya kusomea na kiti cha rangi ileile. Tangu siku hiyo chumba chao anakiita stoo. "Mama, siwezi kumkaribisha mtu stoo." Kilichoniuma ni kwamba hajakosea. Humo ndani tumeweka cherehani yangu, masanduku mawili, feni iliyokufa, na kapu la nguo za kupiga pasi ambalo sijawahi kuona mwisho wake.

Baba yao nilipomweleza alicheka. Alisema, "Mtoto akishafumba macho anajua ukuta una rangi gani?" Kwake hayo ni mambo ya kuigana tu. Lakini mimi namwona mtoto jinsi alivyonywea.

Kazini naweza kupata mkopo mdogo unaokatwa kwenye mshahara kwa miezi 10. Fundi rangi niliyemwita ameniambia ninunue ndoo ya lita 20, chumba chote kiwe cha waridi. Nimefikiria pia kitanda cha dabodeka ili nafasi ipatikane, na mdogo ameshatangaza kwamba juu ni kwake. Halafu nyuma ya kitanda cha binti kuna doa jeusi ukutani, nikilifuta linarudi. Nikaona nibandike karatasi ya ukutani yenye maua, lifichike.

La mwisho ni wifi yangu. Ana kabati la droo la zamani, refu, la mbao nzito, anataka kutupatia bure. Rangi yake nyeupe imeanza kubanduka, lakini anasema tuikwangue tu na msasa, tupake upya, litakuwa kama jipya. Mume wangu hataki kumkatalia dada yake.

Nikope? Nianzie wapi? Na nitamfanyaje mtoto asijione duni bila kujiharibia maisha ya mwaka mzima?

Mama Stoo

*

Marahaba, mdogo wangu.

La mkopo nilimalize upesi: usikope. Kukopa harusi kulipa matanga, na huku hata harusi yenyewe haipo. Mtoto wa miaka 8 anayetaka mawingu leo, kabla makato hayajaisha atakuwa anataka sayari, au farasi, au ukuta mweusi, na wewe bado unalipia mawingu. Tenga kiasi ambacho hata kikipotea chote hakigusi kodi wala ada. Kikiwa kidogo, sawa. Kazi kubwa ya chumba hiki haihitaji pesa.

Maana mtoto amekwambia ukweli na wewe umeukubali: ni stoo. Hakuna rangi itakayobadilisha hilo wakati cherehani bado imo. Kwa hiyo anza kwa kutoa. Cherehani, masanduku, feni na kapu vihamie chumbani kwenu, na kama hakuna nafasi huko, basi vibanane na baba yao ambaye anasema mtu akifumba macho haoni kitu. Mzigo wa wazazi ukae kwa wazazi. Feni iliyokufa iende kwa fundi au iende jalalani, isirudi ndani.

Chumba kikishakuwa kitupu, mwite binti mkae sakafuni, mpe karatasi na penseli achore. Usimuulize anataka nini, atakutajia vitu vya mwenzake kimoja baada ya kingine. Muulize atafanya nini humo ndani. Rafiki akija mtakaa wapi? Ukisoma unapenda kuegemea wapi? Kitu gani hutaki mdogo wako akiguse? Mimi nina shaka kwamba alichokionea wivu kule si pazia wala mawingu. Yule mwenzake ana mahali pake. Wako anaishi na mtoto wa miaka 3 anayechana madaftari, katikati ya masanduku ya mama. Katika mchoro wake chagua kitu kimoja ambacho utamtimizia kamili, bila kulipua. Vingine utavipunguza au utaviacha, na umwambie hivyo. Watoto wa umri huo wanaelewa hesabu kuliko tunavyowadhania, wasichoelewa ni ahadi inayosogezwa kila wiki.

Sasa doa jeusi, kabla ya pambo lolote. Hilo ni kuvu, na kuvu hufuata unyevu. Ukibandika karatasi ya maua juu yake utakuwa umeitengenezea nyumba: itakula gundi, itakula karatasi, na binti ataendelea kuvuta hewa yake kila usiku akiwa ameelekeza pua ukutani. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha nailoni nyepesi, kama sahani ya chakula kwa ukubwa, pafute pakauke kisha kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, uache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, uliogusa ukuta, maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe: bomba, paa, au unyevu unaopanda kutoka chini. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba na umwambie kwa maandishi. Matone yakiwa upande wa nje, unyevu ni wa hewa ya chumbani, na dawa yake ni kufungua madirisha kila siku na kusogeza kitanda kiache upenyo na ukuta. Doa lenyewe lioshe kwa sabuni na maji, watoto wakiwa nje, kisha pakauke kabisa. Ukitumia dawa ya klorini usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, hutoa hewa yenye sumu. Kwenye ukuta huo usipake wala usibandike kitu mpaka uhakikishe doa halirudi.

Nije kwa fundi wako na ndoo yake. Chukua kalamu. Kuta nne ni 3 na 3 na 3.5 na 3.5, jumla mita 13. Zidisha kwa kimo cha 2.7, unapata mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zibaki kama 32. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 kwa kupaka mara moja, nawe utapaka mara mbili. Kwa hiyo chumba kizima, kila ukuta, ni lita 6 na nusu hivi. Ukuta ukiwa mkavu sana au una vinyweleo vingi itazidi kidogo. Lita 20 ni za kupaka chumba chenu, cha kwake fundi, na salio kwa jirani.

Na hata hizo 6 na nusu huzihitaji. Umeniambia mwenyewe kwamba uchafu unaanzia mikono inapofika kushuka chini. Paka basi nusu ya chini tu, kutoka sakafuni hadi mita 1.2, kuzunguka chumba chote. Hapo utatumia kama lita 3, na kopo la lita 4 linakuachia akiba ya kurekebisha. Chagua rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, ile ambayo mafundi huiita silki, kwa sababu ukutani ikiguswa na mkono wenye mafuta inafutika kwa kitambaa kibichi. Ile isiyong'aa kabisa hupendeza, lakini ukiisugua inabaki na kiraka. Juu osha tu, na kama bajeti inaruhusu pitisha nyeupe mara moja. Mpaka wa rangi mbili ndio unaoonyesha kama kazi ni ya fundi au ya kubahatisha: piga mstari kwa pimamaji, usipime kutoka sakafuni maana sakafu nyingi zimelala upande, bandika utepe wa karatasi wa mafundi, ukandamize ukingo kwa kucha, paka, na uubandue rangi ikiwa bado mbichi kidogo. Ukisubiri ikauke kabisa itabanduka nao.

Waridi? Mimi nisingepaka. Si kwa sababu ya huyo wa kiume, rangi hazina jinsia. Ni kwa sababu ukuta ndio kitu kigumu zaidi kubadilisha chumbani, na mapenzi ya mtoto ndiyo mepesi zaidi. Chini weka rangi itakayovumilia miaka mitano: kijani kilichofifia, buluu yenye kijivu, rangi ya udongo. Waridi aliweke kwenye foronya, kwenye mto, kwenye boksi lake. Siku akiichoka unabadilisha foronya.

Mawingu yake hayo ndiyo rahisi kuliko yote. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ikate pembe zake iwe duara isiyo kamili. Ichovye kwenye rangi nyeupe, igonge mara mbili tatu juu ya gazeti ipunguze maji, halafu gonga ukutani, mduara juu ya mduara, mpaka wingu litokee. Anza na moja dogo nyuma ya mlango ujifunze. Yaweke juu ya kitanda chake tu, ndani ya ile rangi ya chini ili yaonekane, matatu au manne. Ukijaza chumba chote yatakuwa madoa. Na mwache yeye mwenyewe agonge, hata kama lake litafanana na kondoo.

Kabla ya yote hayo mwombe mwenye nyumba ruhusa. Wengi hukubali mpangaji akigharimia na rangi isiwe ya kupiga kelele. Akikataa, kuna njia ya wanga. Koroga kikombe kimoja cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye vikombe vinane vya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka iwe kama uji mwepesi, uache upoe. Paka ukutani kwa brashi, laza kitambaa cha pamba chepesi juu yake, upitishe brashi yenye uji juu ya kitambaa ukikinyoosha kutoka katikati kwenda pembeni. Kikikauka kimeshika. Siku ya kuhama unakilowesha kwa maji ya uvuguvugu, kinabanduka, unakifua. Jaribu kwanza kipande kidogo mahali pa kujificha, uone rangi ya kitambaa haichuji. Na usithubutu kukiweka kwenye ukuta wenye doa jeusi. Wanga kwa kuvu ni karamu.

Stika za katuni sina la kusema, wanunulie mbili wabandike wanapotaka.

Dabodeka. Huyo wa miaka 3 asilale juu, hata akilia vipi. Ushauri unaotolewa na wanaoshughulikia usalama wa watoto ni kwamba kitanda cha juu ni kwa mtoto aliyefikisha miaka 6. Binti anaweza, mradi kitanda kina kizuizi pande zote mbili, hata upande wa ukutani, na kizuizi hicho kipande angalau sentimita 13 juu ya godoro. Watu hununua kitanda kizuri, halafu wanaweka godoro nene kiasi kwamba kizuizi kinamezwa. Chaga za chini pia zikague zimeshikwa kwa skrubu au zimelazwa tu. Lakini kwa mita 3 kwa 3.5 na watoto wawili, sioni kwa nini ununue kitanda sasa. Vitanda mlivyo navyo vipange kwa umbo la L kwenye kona, michago ikiwa mbalimbali, na katikati ya chumba patabaki sakafu ya kuchezea. Sakafu tupu ndiyo anasa ya chumba cha watoto. Cha kuepuka ni kitanda chini ya dirisha, hasa kama lina pazia la kamba. Kamba ya pazia imenyonga watoto wengi wadogo, ifupishe au ifunge juu asipofika.

Kumgawia binti mahali pake si lazima ujenge ukuta. Geuza rafu fupi, isiyozidi kiuno chako, ikae kati ya kitanda chake na cha mdogo. Upande wa kwake vitabu, upande wa mdogo magari. Mpe boksi moja lenye kufuli, ufunguo akae nao yeye. Boksi la mbao lililotumika ukilipiga msasa na kulipaka linatosha. Ukitumia mbao za paleti za mizigo, angalia muhuri uliochomwa pembeni: HT ni zilizotibiwa kwa joto, hizo sawa. MB zimefukizwa dawa ya kuua wadudu, ziache hukohuko. Vitu vya mdogo viweke chini kabisa, kwenye vikapu vilivyo wazi, kila kimoja na picha ya kilichomo. Vichache. Nusu ya midoli ifiche, baada ya wiki chache ubadilishane, utashangaa anavyoipokea kama mipya.

Pazia la malkia, kama ndilo atakalochagua kwenye mchoro wake, linawezekana: duara la plastiki la kuchezea kiunoni, vitambaa viwili vyepesi vilivyopindwa juu, na ndoano darini. Lining'inie kwenye ndoano ya wazi ili likivutwa kwa nguvu lianguke lote, lisije likamning'iniza mtu, na mchana lifungwe juu mdogo asijizongezonge. Taa lisiguse. Shuka kuukuu jeupe linafaa kuliko kitambaa kipya, maana limeshakuwa laini.

Taa ndogondogo ndizo ningezikagua kuliko vitu vyote. Nyingi za bei rahisi hutumia betri bapa za duara, ndogo kama kitufe cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Na wewe una wa miaka 3. Nunua ambazo mfuniko wa betri unafungwa kwa skrubu, au za betri nene za kawaida, uziweke juu. Ukishuku amemeza, ni hospitali moja kwa moja, si kusubiri itoke yenyewe.

Balbu ya darini ibadilishe. Kama ni ile nyeupe kali inayofanya kila mtu aonekane mgonjwa, weka ya LED ya mwanga wa joto, kwenye boksi imeandikwa 2700K au 3000K. Ya wati 9 hivi inatoa mwanga kama ile ya kizamani ya wati 60. Sijui kitu kingine cha bei hiyo kinachobadilisha chumba kwa haraka namna hiyo. Taa ya kusomea ya binti iwe upande wake tu, ili akisoma mdogo aendelee kulala.

Nimelibakiza kabati la wifi kwa makusudi, maana ndilo pekee katika barua yako lililonitia hofu.

Rangi nyeupe ya zamani, usiyojua ilipakwa lini wala na nani, inayobanduka: hiyo inaweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Marekani walipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978, nchi nyingi zimefuata miaka mingi baadaye, na zipo ambazo mpaka leo hazina sheria. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto wadogo huharibu ubongo unaokua, na huwezi kuona dalili mapema. Wanaipata kwa vidole: vumbi liko sakafuni, mkono unagusa, mkono unakwenda mdomoni, na wa miaka 3 mkono wake hauko mbali na mdomo. Kwa hiyo huo ushauri wa kukwangua na msasa mkavu ndio wa hatari kuliko kabati lenyewe. Utageuza rangi kuwa unga na kuusambaza kwenye godoro, kwenye nguo, kwenye mapafu yenu. Vipo vipimo vya kupakwa vinavyoonyesha kama kuna risasi, ila kwa kabati la bure sioni sababu ya kwenda mbali hivyo.

Kisha ni refu, na droo. Mtoto mdogo huvuta droo ya chini, akaikanyaga, akavuta ya pili, akapanda kama ngazi. Droo zikiwa zimetoka, uzito wote unahamia mbele na kabati zito la mbao linamwangukia. Hilo hutokea kwa dakika uliyotoka kwenda kuzima jiko. Kwa hiyo hata rafu zenu nyingine zinazozidi kifua cha mtoto zifungwe ukutani kwa chuma cha pembe na skrubu zinazoingia kwenye tofali, si kwenye lipu. Vitu vizito vikae chini, na juu kusiwe na mdoli unaomwita mtu kupanda.

Hapo ndipo baba yao anapoingia. Kuhusu pesa yuko sahihi na umwambie hivyo, atafurahi. Kuhusu chumba hayuko sahihi, mtoto hafumbi macho saa zote. Usibishane naye juu ya mawingu. Mpe drili, mwonyeshe rafu, mweleze droo zinavyoangusha kabati. Wanaume wengi wasiosikia habari ya pambo husikia habari ya skrubu.

Na kabati, dada yake atamjibu yeye mwenyewe. Amwambie asante, chumba ni kidogo na mdogo hupanda kila kitu, na ampe habari ya risasi ili asilipeleke kwa mwingine mwenye mtoto. Wewe usiwepo wakati wa mazungumzo hayo. Maneno ya wifi hata mimi siyaingilii.